Ziwa Alilolisikia Mkwe Wangu

Tuliokuwapo ni hawa: binti yangu wa mwisho, ndiye mgonjwa, mwanawe wa kunyonya, wifi yangu, yaani shangazi yake binti, dada wa marehemu mume wangu, daktari mwanamke aliyetupokea, na mimi. Mkwe wangu alikuwa machimboni upande wa Geita, lakini naye namhesabu, maana shughuli yote ilimngoja yeye. Majina yao ninayo kichwani, hata la nesi aliyetuonyesha choo, ila humu nayaacha.

Binti alitoka kwake Ngokolo mjini akaja kwangu kijijini Samuye na uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Tukasema maziwa yamelala. Nikamkanda kwa maji ya moto, mtoto akawekwa upande ule anyonye, wapi, uvimbe ukakaa vilevile kama kokoto. Ndipo tukaenda hospitali. Wakachukua kinyama wakakipima: saratani. Daktari akasema tumewahi, ziwa likiondolewa na dawa zikifuata, atamlea mwanawe. Akampa kitanda asubiri kupasuliwa.

Binti akasema, "Sikatwi mpaka baba mtoto akubali. Nikirudi na upande mmoja akanikimbia, je?" Akanipa simu niongee mimi, maana yeye kila akianza analia.

Sasa, kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Nitamtamkiaje mwanamume huyo titi la mke wake? Nikachagua neno la heshima.

"Mkwe, mwenzako anakwenda kwa ajili ya ziwa."

"Ziwa?" Nyuma yake karasha za kusaga mawe zilinguruma.

"Ndiyo, baba. Ziwa."

"Mama, mwambie asithubutu. Atulie hukohuko na mtoto."

Simu ikakatika. Nikamweleza binti kama nilivyosikia. Akajifunga kanga, akaanza kukunja nguo za mtoto aondoke.

Wifi yangu ameuzia madereva wa malori chai pale Isaka miaka mingi, haya zake alizimalizia huko. Akaninyang'anya simu, akapiga.

"Wewe, unamkatalia nini mwenzako?"

"Shangazi, huku ziwani tunalala kwenye maturubai, aje na mtoto mchanga kufanya nini? Kama ni wivu, mwambie sina mwanamke."

"Nani kakuuliza wanawake? Titi. Titi la mke wako lina saratani, linakatwa. Si ziwa la samaki hilo."

Mkwe akasema, "Nakuja."

Kesho yake akaingia wodini, vumbi la mwamba limemjaa mpaka kwenye nyusi. Akanisalimia akiwa ametazama pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Binti akamwuliza huku ameelekea ukutani, "Utanitaka na upande mmoja?"

"Kwani anayenyonya ni mimi?"

Limeshamtoka ndipo akakumbuka nipo. Nikajifunika kanga usoni. Wifi akasema, "Hilo sisi hatulitolei ushahidi." Binti akageuka, akacheka mpaka akashika tumbo. Daktari alipopita, akamwambia yuko tayari.

Akapasuliwa. Alipozinduka, cha kwanza aliuliza kama mtoto amekula. Baba yake alikuwa amemnywesha uji kwa kikombe, nusu tumboni, nusu kwenye shati.

Dawa za dripu zilimchosha, nywele zikatoka zote. Sasa zinaota, laini kama za mwanawe. Mkono wa kushoto bado mzito, lakini karanga msimu huu kapanda mwenyewe. Kipimo cha mwisho hakikuonyesha kitu, na kliniki tunaendelea kwenda.

Wifi anadai mkwe alisema, "Kwani mimi ndiye mtoto?" na ya kuwa mimi nami nilicheka ndani ya kanga. Ninavyokumbuka mimi, nilikohoa. Mama wa kitanda cha jirani, kama unasoma, ulikuwa unatutazama siku ile. Ninyooshe nilipopinda.