Nilimfungia mlango mama mkwe kwa sababu ya mafua, na sijutii

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa sijaongeza chumvi hata punje, na wa kunikasirikia anikasirikie tu.

Bwiza, Bujumbura, miaka ya vita. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili.

Najua mtacheka, eti Bujumbura kuna baridi gani? Mvua ikipiga siku nne mfululizo, utatafuta sweta.

Mtoto wa kwanza alikufa ana wiki tatu. Kifua.

Arobaini yetu ya uzazi mnaijua: mzazi na mtoto ndani, dirisha limefungwa, jiko la mkaa linawaka, wageni wanapokezana mtoto. Kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, wote walikuja mchana kwa mkupuo. Watu wanapiga chafya halafu wanalaumu baridi!

Nilipompeleka mtoto chanjo, muuguzi mmoja alinifungua macho. Baridi peke yake haizai mafua. Mafua ni virusi, vinatoka kwa mtu. Baridi inaidhoofisha pua, halafu inatukusanya chumba kimoja tunavuta pumzi za wenzetu.

Siku hiyohiyo nikatoa jiko, nikafungua dirisha la uani (la barabarani hapana, risasi hazina adabu), nikamvika mtoto sweta mbili. Nikatangaza: mwenye mafua haingii.

Wa kwanza kuja na mafua? Mama mkwe, kwa miguu kutoka Buyenzi, kaloa chapachapa.

"We unanifungia mulango? Mi nimekuwa nani kwako?"

Wakuu, wakati ule ukifungiwa mlango hukuwaza mafua, uliwaza kabila. Na mimi na yeye hatukuwa kabila moja. Majirani wakatoka kusikiliza. Sikusogea.

"Mama, ni mafua tu. Nimezika mumoja. Wa pili apana."

Mume wangu alisema nimemuaibisha mama yake. Sawa.

Mama mkwe akazunguka uani, akasimama mbali na dirisha, akaziba pua na mdomo kwa kitenge. "Basi muinue nimuone."

Nikamwinua. Yule mama akaangua kilio.

"Ule wa kwanza, mi ndiye nilimubeba na mafua yangu."

Nilikuwa nalijua hilo tangu kwa muuguzi, maana palepale nilikumbuka alivyompakata huku akipiga chafya, na nilikuwa nimeapa sitamwambia kamwe.

Funzo: heshima ya mkubwa haizidi pumzi ya mtoto. Fungueni madirisha, na mgonjwa abaki nje hata kama ni mama yenu.

Anayeona nilikosa adabu, uwanja ni wake. Aanze kwa kuniambia amezika wangapi.