Manemane ya Mdogo Wangu

Harufu ya manemane dukani leo imenirudisha kanisani Garsen, sikukuu ya Mamajusi. Katika igizo mimi nilikuwa majusi wa tatu, nimejipiga kilemba cha leso. Mama alikuwa Mariamu, na Yesu alikuwa mdogo wangu mchanga, amelazwa ndani ya mtumbwi mkuukuu tulioufanya hori, akilia kwa kidonda cha kitovu. Nikaiweka manemane miguuni pake.

Mama mmoja Muorma, mfugaji aliyetuuzia maziwa, ndiye aliyenipa manemane ile, akainuka mlangoni akaja mbele.

"Nyinyi naletea mtoto dawa, halafu naweka chini?"

Akailowesha, akampaka kitovuni.

Mama akasahau kuwa ni Mariamu. "Ongeza, dadangu! Kimemtesa tangu juzi."

Mtoto akalala. Wimbo wa mwisho tukauimba kwa kunong'ona.