Ua Lililotembea Kuelekea Mlangoni

Enzi zetu, na mliokulia kijijini Akheri mtanielewa, mtoto alikuwa na hofu zake za kutosha. Ukimkwepa mwalimu wa zamu, unakutana na jogoo wa jirani. Sisi wa nyumbani kwetu tulikuwa na ya ziada: tuliogopa ua.

Lilikuwa jekundu, duara, lenye vinyuzinyuzi kama brashi ya kuoshea chupa. Kiangazi chote hulioni. Halafu masika yakikaribia, udongo mtupu unapasuka na lenyewe linachomoza, hata jani halina. Mama mkwe wa Bibi ndiye aliyelipanda, kule mwisho wa bustani kwenye uzio wa masale. Lakini halikukaa uzioni. Kila mwaka lilichomoza karibu zaidi na nyumba, na Bibi, huku akikoroga loshoro, mahindi yetu ya maziwa, alikuwa akisema, "Hilo lina miguu. Siku likifika kizingitini, mwenye nyumba anafungasha." Kisha anacheka na pengo lake. Sisi hatukucheka, maana mwenye nyumba alikuwa yeye.

Tukicheza kombolela, hakuna aliyejificha upande ule, hata awe anatafutwa na simba. Kila masika nilikwenda kuangalia limefika wapi. Limepita migomba. Limepita banda la ng'ombe. Mwaka lilipofika kwenye jiwe la kufulia, niliacha makande sahanini. Nililala nimemkumbatia Bibi, nikisikiliza kama anapumua. Ila utoto nao! Kukipambazuka hofu imeisha, nimebeba kidumu na ufagio wa shule, napiga kelele "Shikamoo Bibi!" nikiwa tayari njiani. Marahaba yake ilinifuata mgongoni. Nani alikuwa na muda wa kuisubiri?

Baba, mwanawe Bibi, alikuwa mzee wa kanisa, na mkali kwelikweli. "Ushirikina huo! Ua ni ua!" alitufokea mezani. Basi kiangazi kilichofuata, alfajiri moja, napeleka majani kwa ng'ombe, nikamkuta mzee wa kanisa huyo huyo amepiga magoti kwenye jiwe la kufulia, anachimba, anatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Akatoa kitu kama kitunguu kikubwa, akakipeleka uzioni, akakifukia. Masika yalipokuja, ua likachomoza uzioni. Bibi alilitazama, akamtazama Baba, akasema tu, "Ahsante, mwanangu." Baba akajifanya anakohoa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimrudishia mama yake miaka, kila ua lilipokaribia, mpaka mwaka Baba alipovunjika mguu. Kiangazi kile hakuna aliyeshika jembe. Mvua zilipoanza, ua likachomoza mlangoni. Bibi hakuvuna kahawa ya mwaka ule.

Nyumba na bustani akarithi Baba. Sasa naye anatembelea mkongojo, na mimi nimerudi kutoka mjini kumtunza. Magoti yake hayapigiki tena, na ua, Mungu anisamehe, nilikuwa sijaliwaza miaka mingi. Juzi juzi nimetoka kukamua, ndoo mkononi, nikaliona. Kizingitini. Jekundu pyu. Nikaketi chini na maziwa yangu.

Binti yangu, maana vijana wa leo hawaogopi kitu isipokuwa chaji kuisha, akatoka na simu. "Jamani, zuri! Babu, sogea hapo kwenye ua nikupige picha!" Nilipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika. Akanisomea kwenye simu yake kwamba fuko ndio wanaohamisha vile vitunguu chini kwa chini. Sawa mwanangu, fuko. Na huyo fuko nani alimwonyesha mlango?

Nikaenda kuchukua jembe. Baba, kwenye kiti chake barazani, akaninyooshea mkongojo.

"Acha. Ukilichimba likiwa na ua, linakufa."

"Baba, si ulituambia ua ni ua?"

Akaushusha mkongojo, macho kwenye ua. "Subiri kiangazi, likishalala," akasema. "Ndipo ulipeleke uzioni. Usichelewe kama mimi."

Kwa hiyo nasubiri, na sijawahi kuona masika marefu namna hii. Jembe liko nyuma ya mlango. Naogopa, wenzangu, sitawaficha. Binti yangu anampita babu yake na "Mambo, babu!", macho kwenye simu, natamani kumkaripia. Lakini sisi je? Tulitupa shikamoo tukikimbia, tukijua marahaba ipo tu, kama maji ya mfereji. Siku hizi kila asubuhi nikitoka kukamua nalivuka ua lile, naenda hadi chumbani kwa Baba, nasema, "Shikamoo Baba." Kisha nasimama pale pale, nimeshika kitasa, mpaka nisikie marahaba.