Kikombe cha Komeo

Mume wangu ni golikipa. Mashabiki wanamwita Komeo, kwa sababu akisimama golini mlango umefungwa. Nyumbani ni mtu wa kufua soksi zake mwenyewe na kugombana na redio. Na ana kifafa. Mwaka wa tatu sasa hajaanguka, kwa sababu ya kidonge kimoja cha saa nane mchana, kinachokaa ndani ya kopo la majani ya chai. Daktari wake alimruhusu kucheza. Klabu haijui lolote, na siku ikijua atakuwa golikipa wa zamani.

Jumatatu ni siku yake ya mapumziko. Saa saba na nusu tukabishiwa hodi. Alikuwa mpimaji wa klabu, bwana mmoja mwenye koti jeupe na kisanduku cha vikombe vya plastiki. Mkataba unasema anaweza kuja siku yoyote, na kumkatalia ni kosa. Eti wanatafuta bangi. Sasa siku ya mapumziko ni ya mtu au ni ya klabu? Hasira zilinipanda, ila woga ulizidi, nikamkaribisha kiti.

"Mkojo tu, kaka, halafu niwaache mpumzike," akasema, akitoa fomu. "Na hapa uandike dawa zote ulizotumia wiki hii."

Komeo akaandika "hakuna." Aliandika kwa mkono huohuo unaodaka penalti.

Wakaenda chooni, bwana yule amesimama mlangoni anatazama. Mkojo haukutoka. Komeo akanywa maji, glasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Akarudi chooni, wapi! Hofu ilikuwa imembana kila mahali. Mpimaji akajinyoosha kwenye kochi letu, akasema hana haraka.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa ya ukutani, inakaribia saa nane. Jikoni alikuwamo mama mkwe wangu, na huyo hajawahi kuchelewesha kidonge cha mwanawe hata dakika moja. Nikainuka nikamzuie. Nilikuwa nimechelewa.

Akatokea na kidonge kwenye kisahani. Alipoliona lile koti jeupe, uso ukamng'aa.

"Karibu sana, daktari! Mungu akubariki kwa kutufuata mpaka nyumbani. Mwanangu hajaanguka tena, mwaka wa tatu huu! Zamani kifafa kilikuwa kinamtupa chini kama gunia. Tafadhali, hizi dawa msije mkamwachisha."

Mpimaji akaitazama fomu, pale palipoandikwa "hakuna," kisha akachomoa kalamu mfukoni.

"Nipe, mama," Komeo akasema taratibu.

Akakimeza kidonge mbele ya yule bwana, kwa glasi ya sita. Halafu akainuka, akachukua kikombe.

"Twende," akamwambia. "Sasa mkojo unakuja."