Kilima Juu ya Sanduku

Msiniambie Zuena binti Muhammad alikuwa na bahati. Nimelisikia neno hilo kila matanga na kila harusi pale Majengo ya Nyeri, na linanichefua. Wanaolisema walimjua miaka ya sabini, wakati njegere zake zilikuwa zikitoka mlimani kwa punda na lori na kupanda ndege Nairobi. Mimi nilikuwa jirani yake tangu alipokuwa akikaanga mandazi mbele ya duka la Abdulkadir. Lori hakuwa nalo. Punda hakuwa naye. Alikuwa na kichwa kigumu tu, na ugumu wa kichwa hicho ndio ninaotaka kuusimulia.

Mwaka wa 1966 Ramadhani iliangukia Desemba, na Desemba ndipo plamu za Tetu, vijijini nje ya mji wetu, zinapoiva. Dada yake Zuena, Kibibi, alikuwa ameolewa Mombasa na aliuza matunda sokoni Makupa. Watu wa pwani wana maembe yao na ndizi zao, lakini tunda jekundu la nchi ya baridi, lenye maji mengi na ukali kidogo, walikuwa tayari kuligombania wakati wa futari.

"Nitumie, mdogo wangu," Kibibi alimwambia kwa simu ya dukani kwa Abdulkadir. "Zikifika nzima, nitachukua kila juma mpaka msimu wenu uishe, na mwakani vilevile."

Plamu zenyewe zilikuwa za Murugi, mjane wa Tetu. Marehemu mumewe alileta miche kutoka shamba la mzungu alikokuwa akifanya kazi, akaipanda yote kwa mkono wake, na akafa kabla haijazaa vizuri. Sasa ilizaa mpaka ng'ombe wakazichoka. Shemeji yake Murugi, Ngatia, hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliona majirani wakipanda chai na kuezeka mabati, huku mke wa ndugu yake amekalia miti ambayo matunda yake yanaoza chini. Akasema plamu zikipata soko kabla ya mwaka mpya, miti itabaki. Zisipopata, ataikata achimbe mashimo ya chai kabla ya mvua kubwa. Murugi alilia sana. Zuena alikuwa pale siku hiyo, amefuata maziwa.

"Mama Wachuka, nyamaza," akasema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa. "Nitazifikisha."

Kusema ni rahisi. Murugi na wanawake wenzake walibeba masanduku mgongoni hadi barabarani. Mkokoteni wa punda ukayachukua hadi mjini, lori likayapeleka stesheni ya Kiganjo, treni ikateremka nayo kupitia Karatina na Sagana hadi Nairobi, yakahamishiwa treni ya Mombasa, na huko hamali akayasukuma hadi Makupa.

Kibibi akapiga simu. "Zuena, umeniletea plamu au uji?"

Hapo kila mtu akanawa mikono. Mwenye punda alimlaumu dereva wa lori, dereva akawalaumu wapakizi wa treni, na wapakizi wakalaumu joto la Mombasa. Zuena aliwasikiliza wote, uso umemvimba kwa hasira.

"Mzigo wa pili nitakwenda nao mimi," akasema.

Akaenda nao kweli, na saumu yake kinywani, ingawa msafiri ana ruhusa ya kula. Kwenye mkokoteni masanduku yalikaa kila moja peke yake, na hakuna kilichoharibika. Kwenye lori yalipandana mawili mawili. Kwenye behewa la treni yalipangwa mpaka karibu na paa. Hakuna aliyeyatupa, hakuna aliyeyakalia. Zuena alikuwa amejiandaa kugombana na mtu, na mtu wa kugombana naye hakuonekana. Treni iliposimama Sagana, akamsumbua gadi mpaka akamfungulia behewa. Harufu ya plamu zilizopondeka ikampiga usoni.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Huku kwetu, mtu akikuuzia debe lililojaa sawasawa na ukingo, amekutukana. Debe linajazwa mpaka lifanye kilima juu, na ukishaliinua, anakuongezea tunda moja. Hivyo ndivyo Murugi alivyojaza masanduku yake, akafunika kila kilima kwa kipande cha gunia na kukifunga kamba. Sokoni Nyeri kilima ndicho kinachoita wateja. Lakini sanduku jingine likikaa juu ya kilima hicho, plamu za juu zinapondeka, maji yake yanashuka, na za chini zinaanza kuchacha. Sanduku la juu kabisa, ambalo halikubebeshwa kitu, Zuena alilikuta zima na kilima chake.

Akapandisha mikono ya buibui, akaanza kuvunja vilima. Alishusha masanduku, akatoa zilizozidi, akawagawia abiria madirishani. Watu walipokea wakicheka, wakadhani mama wa Kiislamu amepandwa na kichaa kwa njaa ya saumu. Yeye akaendelea kugawa. Nusu ya mzigo ule ilifika salama.

Ngatia aliposikia, alitikisa kichwa. "Nusu ni nini? Nusu hata mimi naweza peleka. Mwaka ukianza, nakata."

Mwaka ulikuwa umebakiza siku chache. Zuena akapanda Tetu kufunga mzigo wa tatu kwa mikono yake. Alipojaza sanduku la kwanza mpaka kwenye ukingo na kuliacha hapo, Murugi alisimama.

"Hii haijajaa."

"Imejaa, Mama Wachuka."

"Zuena, mimi si mtoto. Hao watu wa Mombasa hawanijui. Wakifungua wapate sanduku namna hii, watasema ati huyu mama wa Nyeri ni mchoyo."

"Wacha waseme."

"Bwana yangu hakupanda hii miti ndio niitwe mchoyo!"

Zuena alimhurumia, lakini hakulegeza. "Hicho kilima ndicho kinaua plamu zako. Nimeona kwa macho yangu. Ukitaka miti, toa kilima."

Murugi akampa mgongo. Zuena akapitisha kiganja juu ya kila sanduku, moja baada ya jingine, na zilizozidi akazirundika kando.

"Hizo umetoa hazirudi kwangu," Murugi akasema bila kugeuka. "Nilikuwa nishazipeana."

Basi Zuena akazitia kwenye kiondo, akausindikiza mzigo mpaka stesheni ya Kiganjo, na kila aliyeushika akapata fungu lake: mwenye punda, dereva, wapakizi, gadi wa treni. Mimi naamini ndiyo sababu masanduku yalishushwa taratibu safari ile. Zuena alisema ni upuuzi, kilichosaidia ni kuondoa kilima tu. Tulibishana jambo hilo kwa miaka mingi, na hakuwahi kunikubalia.

Mwaka mpya uliingia kabla ya simu kuingia. Ilipoingia, Kibibi alikuwa akipiga kelele kwa furaha. "Zimefika kama zimechumwa leo! Leta nyingine, na nyingine!"

Zuena aliniachia karai la mandazi motoni, akashika njia ya Tetu kwa miguu, nusu akikimbia. Akiwa bado chini ya mteremko, alisikia shoka.

Mti mmoja ulikuwa umelala chini na matunda yake yote. Ngatia alikuwa kwenye wa pili.

"Ngatia, wacha! Zimefika! Zote!"

Ngatia akashusha shoka. "Zote?"

"Zote. Na anataka kila wiki."

Ngatia akautazama ule ulioanguka. "Ungekuja asubuhi," akasema kwa sauti ya chini.

Murugi alikuwa amekaa kwenye nyasi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Walisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Watu wa Mombasa. Walisema mimi ni mchoyo?"

"Dada anasema hawakusema kitu. Walikuwa wanakula."

Murugi akainuka. Akavuta sanduku mpaka kwenye mti ulioanguka, akapiga magoti kati ya matawi, akaanza kuchuma. Hakuna aliyemsaidia, na hakumwita mtu. Sanduku lilipofika kwenye ukingo, mkononi alikuwa amebaki na plamu moja. Akaishika juu ya zile nyingine, akaiangalia. Kisha akageuka, akaitia kwenye kiganja cha Ngatia, akafunika sanduku.

"Haya, beba," akamwambia.