Hata Jani Moja

Mume wa dada yangu mtaa mzima unamwita Kidevu, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Anapiga picha za pasipoti na vitambulisho katika chumba chenye stuli, pazia la buluu, kioo chenye kitana kilichofungwa kamba kisiibwe, na koti la kuazima ambalo limevaliwa na kila mwanamume wa hapa aliyewahi kutafuta kazi. Ukikalia stuli tu, anaanza. Inua kidevu. Shusha bega. Rudisha kitambaa nyuma, sikio lionekane. Hata siku ya harusi yake, na mpiga picha alikuwa mtu mwingine kabisa, alimwinua dada yangu kidevu kwa kidole mbele ya wageni. Ningesema kitu siku ile, ila nilikuwa na njaa na chakula kilikuwa hakijaletwa.

Mwaka huu akachoka na masikio ya watu. Akajiunga na chama cha wapiga picha za ndege, wanaume wenye lenzi ndefu na vizibao vya mifuko kila mahali, sijui wanaweka nini humo. Wakambandika jina la mtaalamu wa pasipoti. Alicheka nao, akarudi nyumbani akanuna. Maonyesho ya chama yalikuwa yanakaribia, ya ndege walio kwenye viota, naye hakuwa na picha ya kiumbe yeyote asiyekaa kwenye stuli.

Mwenye kiota alikuwa dada. Kwenye ua wa miti nyuma ya nyumba, karibu na bomba la kufulia, ndege mmoja mdogo wa kahawia mwenye kifua cha rangi ya chungwa alikuwa ameatamia. Tulimwita Bi Haya, maana mlango ukilia tu, hayupo. Kwa ajili yake dada aliihamisha kamba ya nguo ikaenda mbele ya nyumba, barabara nzima ikawa inazijua gauni zetu za ndani. Bawaba alizipaka mafuta. Mimi nilikatazwa kuimba nikifua, jambo ambalo hata mume wangu hajawahi kulithubutu. Mayai yalipoanguliwa, dada alikuwa na ombi moja tu duniani, makinda wale waruke salama.

Kidevu akaomba ruhusa ya kupiga picha. Dada akampa masharti.

"Utakaa mbali. Na usiguse hata jani moja."

"Hata jani moja, mke wangu. Kwani mimi mtoto?"

Tukaenda zetu kliniki, mimi na dada, kupima presha yake. Foleni ilikuwa ya kukata tamaa. Tuliporudi jua lilikuwa la utosi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kitu cha buluu kimesimama kwenye majani. Ni shemeji, kajifunika lile pazia la studio. Eti kajificha. Buluu katikati ya kijani, kipofu angemwona.

"Njooni mwone," alituita, jasho likimtiririka na meno yote nje. "Wamekubali. Wamekaa vizuri kuliko wateja wangu wote."

Mkasi ulikuwa chini, miguuni pake. Majani yaliyokifunika kiota alikuwa ameyakata, na tawi la juu alilivuta nyuma akalifunga kwa kamba, kama anavyomrudisha mtu kitambaa. Kiota kilikuwa wazi, kimepigwa na jua lote. Makinda walikuwa wameegemeza shingo ukingoni, midomo wazi, wanahema. Bi Haya alikuwa juu ya ukuta na kiwavi mdomoni, anarukaruka huku na huku. Kushuka anataka, ila lile dude la buluu linamtisha.

"Uligusa," dada alisema.

"Jani lilikuwa linaziba."

"Linaziba nini?"

"Sura," alijibu, na wallahi alikuwa hajaelewa ameulizwa nini.

Dada alikata kamba kwa meno. Akatandaza khanga yake juu ya matawi kufanya kivuli, akatusukuma sote ndani, tukachungulia dirishani. Bi Haya alikawia, kisha akashuka. Akaweka kiwavi kwenye mdomo mmoja, kikaanguka. Akakiokota, akajaribu mwingine. Alifanya hivyo mpaka nikashindwa kutazama, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Dada alibaki pale dirishani mpaka yule ndege akaenda zake. Hakurudi tena; hakukuwa na kinda wa kulisha.

Mngedhani shemeji angeona aibu. Aibu aipate wapi? Siku mbili baadaye akapeleka picha kwenye maonyesho. Akaipa jina "Furaha ya Asubuhi". Asubuhi gani, na jua la saa sita? Wenye vizibao wakaizunguka wakisifu jinsi makinda wanavyoimba. Eti wamechangamka. Mwenyekiti wa chama akasema hajawahi kuona kiota kikionekana waziwazi namna ile, na Kidevu akapewa nafasi ya kwanza. Hakuna aliyeuliza majani yalikwenda wapi. Siku hizi hawamwiti tena mtaalamu wa pasipoti.

Picha ikaja nyumbani na fremu ya dhahabu, akaitundika sebuleni mwenyewe kwa nyundo. Dada alikwenda jikoni, akarudi na kitambaa cha kufutia vyombo, akakitundika juu ya picha kwa pini mbili.

"Sasa ndiyo nini hiyo?" Kidevu aliuliza.

"Jua linawapiga."

Akachukua ufagio, akaanza kufagia.

Kitambaa kipo mpaka leo. Dada hukifua kila kikichafuka, na hakitoki mpaka kingine kiwe mkononi. Wageni wanakuja kuona picha iliyoshinda, na Kidevu hana ujanja ila kusimama mbele ya kile kitambaa na kuwasimulia: hapa mdomo, hapa mdomo mwingine, hapa kiota. Wageni wanaitikia kwa heshima. Maisha yake yote amewaambia watu warudishe vitambaa nyuma, na hicho kimoja hajathubutu kukigusa.