Tour ya Kichwa Chini

Watu wa Kinshasa wakicheka mchezo wetu wa Goma, kwanza ninakasirika. Halafu ninakumbuka ile salle ya Himbi, ule ukumbi wa mashindano, na hasira inageuka haya. Hata sasa ninapoandika, masikio yanawaka moto.

Échecs, ambayo wengine wanaita sataranji, ililetwa mtaani kwetu Katindo na papa yangu. Alikuwa dereva wa lori. Alijifunza mpakani Bunagana akisubiri douane, watu wa forodha, wamalize na mzigo wake, na kule kusubiri kulikuwa kurefu kuliko safari yenyewe. Akarudi na ubao, akaketi kwenye barza, baraza ya nyumba yetu, akafundisha kila mwenye masikio. Leo sijui klabu ya Goma isiyo na mtu aliyepita kwenye ile barza. Mimi mwenyewe, binti yake, nimeunguza sufuria ya sombe mara nyingi sana kwa ajili ya mchezo ule.

Ubao wake ulikuwa na dame mmoja tu kila upande, yule malkia. Pion yako, yule askari mdogo, ikifika mwisho wa ubao, una haki ya kupata dame mwingine. Utamtoa wapi? Papa alituonyesha: chukua tour iliyokwisha kuliwa, ule mnara, igeuze kichwa chini, basi huyo ni dame. Mtaa wote tulicheza hivyo, na hakuna aliyeuliza.

Siku hizi mchezo umepanda cheo. Kuna mashindano ya jimbo, kuna saa mezani, kuna arbitre, yule mwamuzi, na kimya kama cha kanisani. Mwaka ule wa salle ya Himbi, mwanamke ambaye angeshinda angekwenda Kinshasa kwenye ubingwa wa nchi. Ndege zilikuwa zingali zinatua Goma, kabla vita haijafunga uwanja. Nami, mdomo wangu huu, nilikuwa nimeshawaambia soko zima kwamba ninakwenda, na kitenge cha safari nimeshashona!

Partie ya mwisho, mchezo wa kuamua, nilicheza na mwanafunzi wa chuo, msichana wa miwani. Pion yangu ikafika. Nikaigeuza tour, nikaipiga mezani pa! nikagonga saa, nikamtazama papa kati ya watazamaji, nikacheka. Msichana akainua mkono. Arbitre akaja, akaangalia, akasema kwa upole:

"Mama, hii ni tour. Hata ukiigeuza, ni tour tu."

Dame angemshambulia mfalme wa yule msichana kwa mshazari. Tour haiendi mshazari. Mfalme wake akabaki salama, naye msichana alihitaji zamu moja tu kunimaliza. Échec et mat, nimeshindwa.

Papa akasimama. "Ile ni dame! Goma muzima wanajua ile ni dame!"

Salle ikacheka. Mtu mmoja akasema, "Muzee, hapa si kwenye barza," wakamtoa nje, kofia mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na mtu wa Goma, anayeishi chini ya volkano, hasemi neno hilo kwa mzaha. Njia nzima ya kurudi nilimtangulia hatua kumi. Niliona haya kuwa mtoto wake, Mungu anisamehe.

Asubuhi nikamkuta amevaa koti lake la misa.

"Vaa viatu, twende."

"Wapi, papa?"

"Kwa wale niliwafundisha. Mficha uchi hazai."

Aka! Kweli akaenda, nyumba kwa nyumba, juu ya mawe ya volkano, na magoti yake yale mabovu. Kila mlango alivua kofia. "Nilikufundisha mubaya. Tour, hata ukiigeuza, inabakia tour. Mutoto wangu amekosa Kinshasa juu yangu." Kisha ananionyesha. Mimi nilikuwa ninatembea nyuma, mbali kidogo, kama mtu aliyekutana naye njiani tu. Wengine walitupa chai, wengine walificha kicheko, nami niliangalia viatu vyangu.

Nyumba ya mwisho, mwanafunzi wake wa zamani, leo kocha wa klabu, akauliza mbele ya wachezaji wake: "Sasa muzee, sisi pia tuko na dame mumoja tu. Mutu afanye nini?"

Papa akanigeukia.

"Unasimamisha saa," nikasema, kama arbitre alivyonieleza jana. "Unamwomba arbitre, anakuletea dame."

"Kuomba tu?"

"Kuomba tu, papa."

Alirudisha kofia kichwani, akaivua tena mbele ya wale watu. Ndipo niliposogea, nikasimama karibu naye, nikamshika mkono.

"Huyu ni papa yangu," nikawaambia, kana kwamba hawakujua.